Mandara kwenda na kurudi siku moja: shughulikia malipo kabla hujatoka nyumbani

Mwezi wa saba nilimpeleka mama yangu Mlima Kilimanjaro. Kilele hakukitaka. Alitaka tu kukanyaga mlima ambao tangu usichana wake ameuona kwenye dirisha la basi, Tanga kwenda Arusha. Kwa mtu kama yeye, safari inayofaa ni ya kutoka lango la Marangu hadi Mandara, kambi ya kwanza ya njia hiyo, na kurudi siku hiyohiyo: kama kilomita nane za kupanda, kutoka mita 1,900 kasoro hadi mita 2,720, karibu njia nzima ikiwa ndani ya msitu. Sisi tuliishia Kisambioni, nusu ya njia. Mama alikuwa bado ana nguvu. Muda ndio uliotuishia, na tuliupotezea langoni.

Langoni hawapokei pesa taslimu. Unalipa kwa kadi ya benki au kwa namba ya malipo ya Serikali, ile kontrol namba yenye tarakimu 12 zinazoanza na 99. Mimi kazi hiyo nilimwachia wakala mmoja wa safari niliyeelekezwa na jirani. Nilimtumia pesa, naye akanitumia picha kwa WhatsApp: majina yetu, tarehe, jumla ya malipo, kila kitu kipo. Nikalala usingizi wangu.

Saa mbili asubuhi ofisa akaingiza namba ile, akanigeuzia skrini nione mwenyewe. "Namba ipo, kaka, ila haijalipiwa."

Picha niliyokuwa nayo ilikuwa ankara. Tafadhali, hapa soma mara mbili: ankara inasema unadaiwa, stakabadhi inasema umelipa, na kwenye simu zinafanana kwa mtu mwenye haraka. Wakala hakupokea simu. Ikabidi itengenezwe namba mpya, na salio langu halikutosha. Nikapanda bodaboda kurudi Marangu Mtoni kuweka pesa kwenye simu; kibanda cha kwanza hakikuwa na floti, nikatafuta cha pili. Mama alinisubiri kwenye benchi, amevaa viatu vipya, begi mapajani. Tulianza kupanda saa tano kasoro.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku kadhaa kabla, wasiliana na hifadhi au kampuni yenye leseni, toa majina kama yalivyo kwenye vitambulisho, uraia, umri na tarehe ya kuingia. Omba namba ya malipo itumwe kwako, na ulipe mwenyewe kwenye simu yako, sehemu ya Malipo ya Serikali. Kabla ya kuweka namba ya siri, linganisha kiasi na kilichoandikwa kwenye ankara, na hesabu watu. Ujumbe wa kuthibitisha malipo ukiingia, usiufute. Uandike na kwenye karatasi, maana simu huzimika.

Kitambulisho usikiache. Raia wa Afrika Mashariki ana kiwango chake, tena cha chini sana kuliko cha mgeni, lakini lazima uthibitishe uraia wako. Beba kadi ya NIDA au pasipoti. Kwa watoto beba vyeti vya kuzaliwa. Walio chini ya miaka mitano hawalipi kiingilio.

Mlimani huendi bila mwongoza wageni, na malipo yake hayamo kwenye kiingilio. Patana naye mapema, mkubaliane pia saa ya kugeuka. Wa kwetu alimwamkia mama shikamoo, akapanda kwa mwendo wa mama, na tulipofika Kisambioni saa saba na nusu akamwambia kwa upole, "Mama yangu, tukiendelea tutashukia gizani." Alikuwa sahihi.

Mengine ni mepesi. Kutoka Moshi daladala hukufikisha Marangu Mtoni, kisha bodaboda au teksi mpaka langoni; jitahidi ufike kabla ya saa mbili. Chukua koti la mvua hata kama Moshi kunawaka jua, viatu vyenye meno, maji kwenye chupa ya kudumu. Epuka masika, Machi hadi Mei, njia huwa utelezi mtupu.

Na ukiwa msituni, angalia chini kando ya njia, si juu kwa mbega peke yake. Kuna ua dogo, jekundu na njano, lenye mkia uliojikunja kama mkonga wa tembo, ambalo halioti mahali pengine isipokuwa mlima huu. Mama alichuchumaa mbele yake muda mrefu, akaligusa kwa ncha ya kidole. "Tutarudi, mwanangu," akasema. "Nataka kuona na huko mbele."

Tumepanga Januari. Nimeshalipa, na stakabadhi iko kwenye mkoba wake.