Gari Kuukuu Lisilo na Hati: Soma Mstari wa Mwisho wa Tangazo

Tangazo huwa tamu mpaka mstari wa mwisho. Toyota Camry ya 2004, injini haina neno, kiyoyozi kinapoza, na bei ni nusu ya zile ulizoziona wiki nzima. Halafu chini kabisa: gari halina title, nitakupa bill of sale. Mtu aliyefika Marekani miezi mitatu iliyopita, anayebadilisha mabasi mawili alfajiri ili awahi kazini, husoma bei na kuuruka mstari huo. Mimi niliuruka. Nilikuwa tayari nimeshahesabu dola kwenye bahasha.

Tatizo linaanzia kwenye mazoea tuliyotoka nayo nyumbani. Mkenya anajua logbook, Mtanzania anajua kadi ya gari: karatasi moja, jina lako juu yake, mambo yamekwisha. Marekani wameyatenga mambo mawili. Title ni hati ya umiliki, nayo inasema gari ni la nani. Registration ni kibali cha gari kuwa barabarani kwa muda fulani, ndicho kinachoendana na pleti. Muuzaji akikutolea registration yenye jina lake kutoka kwenye droo ya dashibodi, wewe unaona kadi ya gari, roho inatulia. Hujaona kitu bado. Bill of sale nayo ni hati ya mauziano tu, kama risiti. Inaonyesha kwamba fulani amepokea pesa zako. Haionyeshi kwamba fulani huyo alikuwa na haki ya kuuza.

Jambo la pili ni kwamba hakuna ofisi moja ya nchi nzima inayotoa hati hizi. Kila jimbo lina yake, na hata jina hubadilika. California na New York wanasema DMV, Ohio na Indiana wanasema BMV, Arizona ni MVD, Illinois na Michigan unakwenda ofisi za Secretary of State, na Texas unakwenda ofisi ya mkusanya kodi wa kaunti. Ndiyo maana ushauri wa binamu aliyeko Minnesota unaweza kukupoteza ukiwa Georgia. Msikilize kwa heshima, kisha fungua tovuti ya jimbo lako mwenyewe.

Sasa, kwa nini gari likose hati? Sababu nyingine hazina ubaya. Karatasi imepotea watu walipohama nyumba. Mzee mwenye gari amefariki na watoto hawajui alikoiweka. Mkopo ulilipwa zamani lakini hakuna aliyefuatilia benki ili deni lifutwe. Majimbo kadhaa, Florida likiwemo, huhifadhi hati kielektroniki, kwa hiyo mtu anaweza kukosa karatasi mkononi na umiliki wake ukawa safi kabisa. Sababu nyingine zina ubaya wote: gari ni la wizi, bado lina deni, au limeshaandikwa kuwa chuma chakavu kisichoruhusiwa kurudi barabarani.

Kwa macho huwezi kutofautisha makundi haya mawili. Lipo swali moja linaloyatenganisha haraka kuliko uchunguzi wowote. Mwambie muuzaji: twende pamoja ofisini ukaombe nakala, ada nalipa mimi.

Mwenye gari halali ana haki ya kupewa nakala ya hati iliyopotea, na gharama yake ni ndogo mno. Texas ni dola 2 ukiomba kwa posta na dola 5.45 ukienda mwenyewe kwenye ofisi ya kanda ya idara ya magari. New York ni dola 20. Piga hesabu kidogo hapo. Karatasi ya dola 20 ingemwezesha mtu kuuza gari lake kwa bei kamili, naye anaona heri akupunguzie dola 1,500. Wanadamu wavivu wapo, sikatai, ila uvivu wa bei hiyo ni nadra.

Yule wa Camry nilimwambia hivyohivyo, tena si kwa akili yangu. Mke wangu ndiye aliyenishika mkono na bahasha yangu. Nikampigia: kesho saa tatu asubuhi, nje ya ofisi, nakusubiri na ada ninayo. Akasema sawa kaka, hakuna shida. Hakutokea. Mchana nikapiga, simu ikaita mpaka ikakata. Jioni tangazo lilikuwa lingalipo, bei imeshuka tena.

Akikubali kwenda, usilegee bado. Chukua namba ya chasisi, ambayo hapa huitwa VIN. Kwa magari yote ya mwaka wa modeli 1981 na kuendelea ina tarakimu na herufi 17, na ndani yake hutakuta herufi I, O wala Q, kwa sababu zingechanganywa na 1 na 0. Ukiiona O, mtu ameandika vibaya au amebuni. Isome mwenyewe kwenye gari, usikubali kutumiwa kwa simu: iko juu ya dashibodi upande wa dereva, unaiona kupitia kioo cha mbele ukiwa umesimama nje, na iko tena kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Namba hizo mbili zisipofanana, au kibati cha dashibodi kina mikwaruzo na gundi, rudi nyumbani. Hapo hakuna cha kujadili.

Namba ikiwa safi, iingize kwenye VINCheck, huduma ya mtandaoni ya National Insurance Crime Bureau, shirika la kampuni za bima dhidi ya wizi na ulaghai. Ni bure, na itakuonyesha kama kampuni za bima zimeripoti gari hilo limeibwa na halijapatikana, au limehesabiwa hasara baada ya ajali au mafuriko. Kisha lipa dola chache upate ripoti ya NMVTIS, mfumo wa kitaifa uliotokana na sheria ya 1992 dhidi ya wizi wa magari. Huu una kitu ambacho kwa gari lisilo na hati ni dhahabu: jimbo la mwisho lililotoa hati, tarehe yake, na alama zilizopigwa kama salvage (limeharibika vibaya) au junk (chuma chakavu). Muuzaji akikuambia amelimiliki miaka 8 hapahapa Houston, na ripoti ikasema hati ya mwisho ilitolewa Louisiana mwaka jana, unajua unaongea na nani. Jina la mwenye gari hutalipata humo. Sheria ya faragha ya madereva ya 1994 inazuia ofisi kutoa majina ovyo, kwa hiyo anayekuahidi kukutafutia jina hilo kwa ada ya pembeni, achana naye.

Nitaje aina moja ya hadithi inayowapata watu wetu zaidi, kwa sababu muuzaji mara nyingi ni mtu wa kanisani au msikitini kwetu, tena hana nia mbaya. Alinunua gari, hati akaipokea ikiwa imesainiwa na mwenye gari wa awali, lakini hakuibadilisha jina ili akwepe kodi. Sasa anakuuzia wewe kwa hati hiyohiyo, nafasi ya mnunuzi ikiwa wazi. Au ameipoteza, na hawezi kuomba nakala kwa sababu haikuwahi kuwa na jina lake. Kwenye kaunta hilo huitwa kuruka hati, ni kosa, na unayebaki na mzigo ni wewe. Dawa ni kumtafuta yule wa awali. Yeye ndiye mwenye jina, yeye ndiye wa kuomba nakala. Akipatikana na akakubali, shukuru Mungu. Asipopatikana, heshima ya jumuiya isikufanye utoe pesa: mwambie ndugu yako alete hati kwanza, gari utalichukua siku hiyohiyo.

Deni nalo lina namna yake. Kama rekodi inaonyesha benki, unahitaji barua ya benki inayosema deni limefutwa, ikiwa na namba ya chasisi. Maneno ya muuzaji kwamba alishamaliza kulipa hayakusaidii, hata yakiwa ya kweli. Benki iliyofungwa au kumezwa na nyingine hufuatiliwa kwa mrithi wake, na kazi hiyo ni ya muuzaji. Usiichukue kichwani mwako.

Yapo magari ambayo kweli hayana hati na hayapaswi kuwa nayo. New York haitoi hati kwa gari la mwaka wa modeli 1972 au kabla, registration ndiyo inayohamishwa. Georgia wameweka mstari kwenye 1985. Kwa magari hayo bill of sale na registration ya zamani vinaweza kutosha, lakini katika jimbo hilo tu. Ukilivusha kwenda jimbo linalodai hati kwa kila gari, utaanza kuhangaika upya. Kuna watu bado wanaeneza mtandaoni ujanja wa Vermont, ambapo mtu wa jimbo lolote alikuwa anasajili gari kuukuu kwa posta na kupata karatasi safi. Vermont walibana njia hiyo kwa wasio wakazi mwaka 2023. Anayekuuzia gari leo kwa ahadi ya Vermont anakuuzia habari za zamani.

Tuseme umechunguza yote, gari si la wizi, halina deni, lakini mwenye jina hapatikani kabisa. Hapo ndipo penye bonded title, yaani hati yenye dhamana. Majimbo mengi wanayo, ingawa si yote. Nitaeleza ya Texas kwa sababu ndiyo niliyomsindikiza rafiki yangu kuifuata. Unajaza maelezo ya jinsi ulivyolipata gari, unaambatisha ushahidi wowote ulio nao, bill of sale ikiwemo, pamoja na kitambulisho chako na ada ya dola 15, unapeleka kwenye ofisi ya kanda ya idara ya magari. Wakikubali wanakupa barua yenye kiasi cha dhamana, ambacho ni mara moja na nusu ya thamani ya gari. Gari la dola 4,000 linadai dhamana ya dola 6,000. Usishtuke, hulipi 6,000. Unakwenda kwa kampuni ya dhamana, unalipa sehemu ndogo ya kiasi hicho, nayo inasimama nyuma yako kwa miaka 3. Mwenye gari halisi akijitokeza ndani ya muda huo na kuthibitisha haki yake, kampuni inamlipa, kisha inakugeukia wewe uirudishie. Kwa hiyo dhamana inamlinda yeye kuliko inavyokulinda wewe. Watu wengi hawaelewi sehemu hiyo mpaka siku barua inapofika.

Gari lililoandikwa junk au la vipuri tu haliokolewi na njia hii, wala gari la wizi. Ohio huenda ukapelekwa mahakamani kuomba amri ya hakimu badala ya dhamana. Uliza kabla ya kununua, kwa maneno haya hasa: gari la mwaka huu, namba ya chasisi hii, bila hati, bill of sale ninayo, je, mtanipa hati na kwa njia gani? Karani wa kaunta atakujibu bure.

Na usidhani bei ya chini inapunguza kodi. Texas kodi ya mauzo ni asilimia 6.25, na kwa gari lililonunuliwa kwa mtu binafsi wanaangalia bei uliyolipa na asilimia 80 ya thamani ya soko, wanachukua iliyo kubwa. Gari ulilopata kwa nusu bei unaweza kulilipia kodi kana kwamba ulipunguziwa asilimia 20 tu.

Kuna jambo nisilopenda kulizungumzia lakini lazima. Gari la wizi likikamatwa nawe, linachukuliwa na pesa zako zimekwenda. Kwa raia habari inaweza kuishia hapo. Kwa aliye na ombi la hifadhi au anayesubiri green card, fomu za uhamiaji zinauliza kama umewahi kukamatwa, na zinataka jibu hata kama uliachiwa na kesi ikafutwa. Utalieleza gari hilo kwa miaka.

Wanaowaza kulitumia miaka miwili kisha walipakie kwenye kontena kwenda nyumbani, wajue forodha ya Marekani inadai hati halisi au nakala iliyothibitishwa, ikifikishwa pamoja na gari bandarini saa 72 kabla ya kusafirishwa kwa meli. Bill of sale haitoshi. Tena kwa gari kuukuu safari yenyewe huishia njiani: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 wala la usukani wa kushoto, na Uganda ilifunga mlango kwa yenye miaka 15 na zaidi mwaka 2018.

Rafiki yangu niliyemsindikiza alinunua Corolla kwa wajane wawili waliokuwa dada. Gari lilikuwa la kaka yao, hawakuwa na karatasi yoyote isipokuwa kitabu cha matengenezo. Hakuwapa pesa yote. Aliwapa sehemu kidogo, wakaandikiana kwamba iliyobaki atailipa barua ya idara ikikubali, na gari likabaki uani kwao mpaka hapo. Alikwenda mara tatu, mara ya pili akarudishwa kwa sababu tarakimu moja ya namba ya chasisi ilikuwa imekosewa kwenye fomu. Siku barua ilipotoka alipitia kwao na pesa iliyobaki, wakampa funguo mbili na kile kitabu. Hati imekuja ikiwa na neno bonded juu yake, na ameshaanza kuhesabu ile miaka 3.