Jinsi ya kuzuia stetiki isiue bodi ya mteja mezani kwako

Ufundi nimejifunzia Dar, na miaka yote hiyo sikuwahi kuvaa mkanda wa stetiki, ule wa mkononi unaoondoa chaji ya umeme tuli inayojikusanya mwilini. Nikahamia Dodoma mwezi wa saba, kile kipindi hewa imekauka mpaka midomo inapasuka, na haikupita muda nikarudishiwa laptopu mbili ambazo nilizifunga ramu kwa mikono yangu na zilitoka mezani zinawaka vizuri kabisa. Dar unyevu wa bahari unatusaidia, chaji inavuja yenyewe kabla haijajaa mwilini, huku bara kiangazi hakuna huo msaada.

Kinachotudanganya ni hiki, ule mshtuko unaousikia ukishika kitasa au zile cheche ukivua sweta gizani, hapo mwili una kama volti 3,000 au zaidi, chini ya hapo husikii kitu. Sasa kuna chipu zinaumia hata kwa volti 100, yaani unaiua chipu na wewe umetulia tu. Na wakati mwingine haifi palepale, inajeruhiwa ndani, inadunda wiki kadhaa halafu simu inaanza kujizima na mteja anakuona tapeli.

Hatua ya kwanza ni meza na nguo. Vua sweta la sufu au nailoni, vaa pamba, ondoa mifuko ya plastiki na yale maboya meupe ya kwenye maboksi. Selotepu usiibandue karibu na bodi, ile sauti ya kuchanika tu ujue chaji imeshazaliwa.

Hatua ya pili ndo penyewe, ethi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini. Nunua mkanda wa mkononi wenye waya, ile isiyo na waya achana nayo, chaji itapita wapi? Halafu nyumba nyingi tunazopanga soketi ina matundu matatu lakini nyuma ya lile la juu hakuna waya wowote, kwahiyo mwite fundi umeme apime, kati ya laini na ethi malitimita (kipimo cha umeme cha mafundi) isome karibu na volti 230 kama inavyosoma kati ya laini na nyutro. Ikiwa hakuna, akuchimbie fimbo ya ethi nje. Wakati unasubiri, bana klipu ya mkanda kwenye chuma cha mashine unayoitengeneza, wewe na mashine mnakuwa na chaji sawa, si kamili lakini inaokoa.

Usijitengenezee mkanda kwa waya mtupu nakuomba, ule wa dukani una rezista (kizuizi cha umeme) ya megaomu 1 ndani, hiyo ndo inayokulinda ukigusa umeme kwa bahati mbaya. Mi naupima kila asubuhi, nauvaa ugusane na ngozi (sio juu ya mkono wa shati), waya mmoja wa malitimita kwenye klipu, mwingine naushika kwa vidole. Isome megaomu 1 na kitu, ngozi ikiwa kavu itapanda kidogo. Ikigoma kabisa kusoma basi waya umekatikia ndani, tupa.

Hatua ya tatu chomoa chaja, chomoa betri, shikilia batani ya pawa sekunde kama 10 chaji iliyobaki iishe, ndo uguse bodi, na uishike kwenye kingo, vidole visiguse miguu ya chipu.

Kuhifadhi, ile mifuko ya pinki haizalishi stetiki lakini haizuii ya kutoka nje, inayokinga ni ile ya rangi ya fedha. Ila usiwashe bodi ikiwa imelala juu yake, nje inaweza kupitisha umeme.

Ukifungua TV ya kichogo au pawa saplai ukaipima ikiwa na umeme, vua mkanda kabisa, maana mkono uliofungwa kwenye ethi unaupa umeme njia ya kupita kifuani kwako.