Somo: Kupita mchangani bila kuanguka, Malindi hadi Nyari ya Marafa

Wanachama, salamu. Jumapili tulikuwa sita na pikipiki zetu nyuma ya Mambrui, na kabla ya saa mbili asubuhi wanne wameshalala chini. Hakuna aliyeumia, ila kioo kimoja cha pembeni na heshima za watu. Wote wanne walianguka namna moja: tairi la mbele likaanza kucheza, mwenyewe akaogopa, akafunga akseleta, akakaza mikono. Chali. Nikaahidi kuandika somo la kupita mchangani hadi Nyari, lile korongo la Marafa, basi hili hapa.

Nimeliandikia pikipiki tulizo nazo, si zile za kwenye picha: Boxer, TVS na jamaa zao za cc 125 na 150, zenye tairi za lami na tyubu ndani. Tunaoshinda barabara ya Kilifi tumezoea kuushika usukani kama nahodha aliyeshika shikio la jahazi. Mchangani ni kinyume. Tairi la mbele lazima liachwe litafute njia yake. Litayumba kushoto, litayumba kulia, nawe uko juu yake unaliangalia tu kama mtoto anayejifunza kutembea. Ukilizuia, linajizika ubavu, na hapo ndipo linapokutupa.

Hatua ya 1: Chagua saa

Toka alfajiri. Mchanga uliolala na umande hushikana, unabeba tairi. Ikifika saa nne jua limeshaukausha, umekuwa kama unga. Kutoka Malindi hadi Marafa ni karibu kilomita 40, kwa hiyo hakuna haraka. Saa kumi na mbili unavuka daraja la Sabaki (mto huohuo ambao bara wanauita Galana, na juu zaidi Athi), na muda si muda uko Mambrui, mahamri kwa mbaazi mkononi. Kula kiasi. Tumbo zito na matuta ya mchanga havielewani.

Hatua ya 2: Shusha presha, lakini usipitilize

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapodanganyana.

Tairi lenye upepo kidogo hutandaza kifua chake, likapita juu ya mchanga badala ya kuukata. Hilo ni kweli. Lakini pikipiki zetu zina tyubu, na hazina kile kibano cha kulishikilia tairi kwenye rimu walicho nacho wenye pikipiki za mashindano. Kama lamini unatumia psi 25 mbele na 28 nyuma, shuka hadi 20 hivi. Mimi chini ya 18 siendi.

Nilijifunza kwa kulipa. Mara yangu ya kwanza kwenda Nyari, jamaa mmoja aliniambia nishushe mpaka tairi likae kama chapati. Nikashusha hadi 10. Kilomita chache za mwanzo, raha tupu, nikamwona jamaa bingwa. Kisha nikavuta akseleta kupanda kijilima. Tairi la nyuma likateleza juu ya rimu, likaiburura tyubu nayo, na valvu ikang'oka kwenye mzizi. Nikasikia pssss ndefu, halafu kimya. Tundu la pancha ya mwiba utalitia kiraka. Valvu iliyong'oka haina kiraka. Nilisukuma hadi kwenye kivuli cha mwembe, nikakaa na mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi. Alinipa maji ya kata, akaitazama pikipiki, akanitazama mimi, asiseme kitu.

Tangu siku hiyo, kila nikisimama naitazama valvu. Ikiwa imesimama wima kutoka kwenye rimu, uko salama. Ikiwa imeinama upande, tairi limeshaanza kutembea: ongeza upepo sasa hivi. Tena ile nati ndogo ya valvu usiikaze hadi kwenye rimu. Iache juu, karibu na kifuniko, ndipo utaiona valvu ikiinama kabla haijakatika.

Beba pampu ya mkono. Ukirudi lamini ujaze, maana tairi laini kwenye lami hupata moto na kona zinakuwa za kubahatisha.

Hatua ya 3: Simama

Simama juu ya vikanyagio, magoti yakilibana tangi, viwiko vimekunjwa, kiuno nyuma kidogo. Vidole viwili kwenye klachi. Breki ya mbele isahau kabisa. Uzito wako uwe miguuni. Jipime hivi: ukiweza kuchezesha vidole vyote vya mikono huku unakwenda, umesimama sawa. Ukiona huwezi, basi unaning'inia kwenye usukani.

Macho mbele, hatua ishirini au zaidi. Ukilitazama tairi lako, utalifuata shimoni.

Hatua ya 4: Ingia na gia mkononi

Kosa kubwa ni kubadilisha gia ukiwa umeshaingia. Unapokata moto ile nusu sekunde, uzito wote unakuja mbele, tairi la mbele linazama, na umekwisha. Kwa hiyo punguza mwendo ukiwa bado pagumu, tia gia ya pili, simama, halafu ingia huku unaongeza akseleta taratibu. Kilomita 20 hadi 30 kwa saa zinatosha. Chini ya hapo pikipiki inayumba kama mlevi wa mnazi.

Likianza kucheza (na litacheza) ongeza kidogo. Najua moyo unakataa. Lakini ukiongeza, uzito unarudi nyuma, mbele panakuwa pepesi, usukani unatulia wenyewe. Wale wanne wa Jumapili walifanya kinyume cha sentensi hii tu.

Hatua ya 5: Kona na kusimama

Kona mchangani ichukue pana. Kanyaga kikanyagio cha upande wa nje wa kona, usilale nayo. Kusimama ni rahisi kuliko unavyodhani: punguza akseleta polepole, mchanga wenyewe utakushika, malizia kwa breki ya nyuma. Ukiweza, simama mahali penye mteremko au majani, ili kuondoka kusiwe kazi.

Hatua ya 6: Ukikwama

Usisugue. Kila mzunguko wa tairi unachimba kaburi. Shuka, tia gia ya kwanza, achia klachi kidogokidogo huku unatembea ubavuni mwake na kusukuma. Ikiwa imezama hadi kwenye mnyororo, funga koki ya petroli, ilaze pikipiki ubavu taratibu, jaza lile shimo kwa miguu, kisha iinue. Eksozi iepuke, mashavu ya miguu ya watu wengi hapa Malindi yana alama ya eksozi, na langu limo.

Njia yenyewe

Baada ya Sabaki ziko njia zaidi ya moja za kuingia bara kuelekea Marafa, na vipande vya mchanga huhama kila baada ya mvua, kwa hiyo uliza watu wa bodaboda wa pale. Wanajua palipoharibika jana. Ukivuka migomba na minazi ya pwani, ardhi inaanza kuwa nyekundu, mibuyu inajitokeza, na hewa inabadilika.

Nyari, kwa Kigiriama, ni mahali palipovunjika penyewe. Ni korongo la mchangatope lililokatwa na mvua na upepo, lenye tabaka nyeupe, waridi, chungwa na nyekundu. Wazee husimulia kwamba palikaa matajiri wa ng'ombe waliokuwa wakioga maziwa, wasimpe mtu hata tone, hadi ardhi ikawameza: weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Pikipiki iache juu, lipa kiingilio, chukua mwenyeji akushushe kwa miguu. Rangi huwaka vizuri jua likikaribia kuzama, ila hapo itabidi urudi gizani, na mimi barabara ile usiku siipendi: mbuzi, ng'ombe, na baiskeli zisizo na taa.

Mwenye nguvu zilizobaki, siku nyingine apite Gongoni hadi Ngomeni, penye mashamba ya chumvi. Kutoka ufukweni utaona majukwaa ya Waitaliano baharini, ya San Marco, ambako setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri. Mandhari ni ya ajabu. Ila chumvi ile inakula chuma, kwa hiyo ukirudi nyumbani osha kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, spoku na chini ya injini hasa. Chujio la hewa lifungue ulikung'ute. Mnyororo usiumwagie oili ukiwa na mchanga. Oili na mchanga pamoja ni msasa. Sugua kwa brashi na mafuta ya taa kwanza, ukauke, ndipo upake kidogo.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Gongoni: Mwalimu, shikamoo. Mimi nabeba abiria. Nitasimamaje na mtu nyuma?

Marahaba, mwanangu. Husimami. Kaa, sogea mbele kidogo, mwambie abiria ashike kiuno chako au kereya, asiegemee kona. Presha ya nyuma usiishushe kama ukiwa peke yako, maana uzito ni wa wawili. Na pakiwa pabaya kweli, mshushe atembee hatua hamsini. Atanung'unika. Akianguka atanung'unika zaidi.

Dada wa Watamu: Kaka, mimi navaa dera na buibui, na ndio nimeanza kuendesha. Ukisema kusimama kwenye vikanyagio, nguo zinaruka. Nifanye nini?

Swali zuri, na wanaume huwa hawalifikirii. Vaa suruali ndani, buibui likunje hadi magotini ulifunge kwa mkanda au lastiki kila mguu, mtandio uingie ndani ya jaketi kabla ya helmeti. Sehemu ya hatari ni mnyororo na spoku za nyuma, hasa kwenye pikipiki zilizong'olewa kifuniko cha mnyororo. Kama chako kimeng'olewa, kirudishe kabla ya kingine chochote. Na abiria wako akiwa na kanga, aikalie ncha zake zote.

Mwanachama wa Malindi mjini: Mbona kwenye mashindano ya Dakar wale jamaa wanaruka juu ya mchanga kwa kasi kubwa, na wewe unatuambia kilomita 20 hadi 30 kwa saa? Si unatutia uoga, kaka?

Ndugu yangu, mashindano yale tangu 2020 yako Saudi Arabia, na pikipiki zao ni za cc 450, na ndani ya tairi mara nyingi hawatii upepo. Wanatia sponji ngumu isiyopata pancha. Matairi yana meno kama ya trekta, na springi zina safari ndefu. Wewe una Boxer na tairi lililobaki upara. Hata hivyo kanuni ni ileile: wanasimama, wanatazama mbali, mikono laini. Itazame video bila sauti, uangalie viwiko vyao tu.

Mwanachama wa Lamu: Ami, sisi huku mchanga tunao wa kutosha pale Shela. Naweza kufanyia mazoezi kwenye yale matuta?

La, tafadhali. Matuta ya Shela ndiyo yanayochuja na kuhifadhi maji ya visima vya Lamu. Tairi likipita linaua majani yanayoushika mchanga. Na Mji wa Kale wenyewe unaujua kuliko mimi, vichochoro vile ni vya punda na watu. Kama una pikipiki ng'ambo ya Mokowe, njia za mashambani huko zinatosha. Kwa safari ndefu ya kwenda Witu na Garsen, tembea mchana, na uliza polisi hali ya njia kabla ya kuondoka.

Mwanachama wa Mambrui: Na ufukweni je, maji yakitoka? Pagumu kama lami!

Pagumu, ndiyo, na panavutia. Lakini kasa hutaga mayai pwani hii, na kiota chake hukioni ukiwa juu ya pikipiki. Pia nimeona pikipiki iliyozimika pale maji yakirudi. Vijana wanane waliibeba mabegani kama jeneza, na kabureta ilitoa maji ya bahari siku mbili nzima. Njia za nyuma ya minazi zinatosha.

Mwanachama wa Gongoni (tena): Mwalimu, zile vidole za mikono ulizosema nichezeshe, nimejaribu leo asubuhi. Nimeanguka.

Ulichezesha vyote kumi kwa pamoja?

Mwanachama wa Gongoni: Ndiyo.

Mkono mmoja mmoja, mwanangu. Na wa kulia usiachie akseleta. Jumapili saa kumi na mbili, darajani Sabaki, njoo na pampu.