Kuipima pikipiki mpya ya mipigo minne nje ya lami: mwongozo kwa mwendeshaji wa Arusha

Bodaboda nyingi zinazopita Kilombero kila siku zina injini ya mipigo minne, kwa hiyo aina hiyo ya injini si ngeni kwa mkazi wa Arusha. Kigeni ni pikipiki ya mipigo minne iliyoundwa kwa ajili ya porini, iwe Honda CRF, Yamaha WR au KTM EXC-F: imeinuka juu, ni nyembamba, shokapu zake zina safari ndefu (umbali zinaoweza kubonyea), na injini yake huvuta nyuma kwa nguvu pale mwendeshaji anapofunga mafuta, yaani anaporudisha mkono wa mafuta kwenye usukani. Wengi hutumia siku ya kwanza kuipima kasi, na hurudi mjini wakiwa wamejifunza kidogo sana. Ushauri wangu ni kwamba siku hiyo itumike zaidi kujua pikipiki inafanya nini mkono unapofunga mafuta, kwa sababu hapo ndipo injini ya mipigo minne hutofautiana hasa na zile za zamani za mipigo miwili.

Kazi huanzia nyumbani. Kiti cha enduro, yaani pikipiki ya porini ya aina hii, ya ukubwa kamili huwa karibu milimita 950 kutoka ardhini, kiasi kwamba mtu wa kimo cha wastani hugusa chini kwa vidole tu. Usikimbilie kwa fundi kukikata sifongo. Pima kwanza shokapu ya nyuma inazama kiasi gani. Inua pikipiki kwenye stendi hadi gurudumu la nyuma lining'inie, pima umbali kutoka ekseli hadi alama uliyoweka kwenye madigadi, kisha ishushe, panda ukiwa umevaa kofia ngumu, buti na mkoba wako, na mwenzako apime tena umbali uleule. Kwa pikipiki yenye safari ya shokapu ya milimita 300 hivi, tofauti ya karibu milimita 100 ndiyo inayotakiwa. Ikiwa umekaza springi mpaka basi na bado inazama kupita kiasi, springi hiyo ni laini kwa uzito wako na inafaa ibadilishwe. Mtu asiyefanya kipimo hiki hulalamika baadaye kwamba usukani unatikisika au gurudumu la mbele linakimbia kwenye kona, akidhani pikipiki ni mbovu.

Cheni, spoku na boliti zikaguliwe kwa kufuata kitabu cha pikipiki. Upepo wa tairi upunguzwe hadi psi 12 au 14 kwenye vumbi na mchanga, na uongezwe kidogo penye mawe ili tyubu isibanwe kati ya jiwe na rimu. Miiba ya migunga haina huruma, kwa hiyo tyubu nene, viraka, solusheni na pampu ni sehemu ya safari.

Kabla ya kuhukumu nguvu, kumbuka mahali ulipo. Jiji la Arusha liko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam au Tanga. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi kwenye injini) hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na hakuna fundi atakayeirudisha kwa bisibisi. Kwenye pikipiki yenye kabureta kuna tatizo la pili: petroli huwa nyingi kuliko hewa, plagi hutoka nyeusi yenye masizi, na injini huwa nzito kuitikia, hadi jeti kuu, yaani kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta, ibadilishwe kwa ndogo zaidi. Pikipiki inayotumia mfumo wa kielektroniki wa kupulizia mafuta hujirekebisha yenyewe. Mwendeshaji wa Moshi, ambayo iko chini zaidi, ataona upungufu huu lakini kwa kiasi kidogo.

Mahali pa kujifunzia pawe na nafasi na pasiwe na watu wengi. Uwanda wa kati ya Kisongo na Monduli unafaa wakati wa kiangazi, kwa kuwa una njia za mifugo, vumbi jepesi na makorongo mafupi. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, udongo mweusi wa mbugani hugandamana chini ya madigadi hadi gurudumu linakataa kuzunguka, na siku hiyo ni bora kubaki nyumbani. Pikipiki isiyo na taa wala namba za usajili ipelekwe kwa pikapu, isiendeshwe barabarani. Ukifika, salimia na uombe ruhusa kwa wenyeji kabla ya kuanza kuzunguka. Ukikutana na kundi la ng'ombe au mbuzi, simama na uzime injini mpaka wapite, kwani mchungaji akishatawanyiwa mifugo hatakuwa na muda wa kusikiliza maelezo. Jiandae pia kwa vijana wa bodaboda watakaoizunguka pikipiki wakiuliza inakula lita ngapi. Tangi la lita 8 au 9 huwasikitisha sana.

Kuwasha kuna adabu yake. Pikipiki yenye kabureta ya aina ya mashindano huwa na pampu ndogo inayomwaga petroli kila unapozungusha mkono, kwa hiyo ukiuchezesha mkono kabla ya kupiga kiki utaizamisha plagi. Acha mkono utulie, washa, kisha iache injini iungurume taratibu hadi radieta zote mbili ziwe za moto ukizigusa. Katika saa za mwanzo za injini mpya usiivutie mafuta hadi mwisho kwa muda mrefu, wala usiiendeshe kwa mzunguko uleule bila kubadilisha. Tahadhari pia kwenye korongo lenye mwendo wa polepole: baadhi ya pikipiki hizi hazina feni, na maji huchemka haraka pale hewa isipopita kwenye radieta.

Sasa tuje kwenye kufunga mafuta. Katika injini ya mipigo minne, pistoni huvuta hewa, huibana pamoja na petroli, husukumwa na mlipuko, kisha hutoa moshi. Mafuta yakifungwa, pistoni bado inalazimika kuvuta hewa kupitia njia iliyobanwa, na ukinzani huo ndio unaolirudisha nyuma gurudumu. Yamaha DT za zamani, zilizochoma oili pamoja na petroli katika mipigo miwili, zilikuwa na ukinzani mdogo sana. Zilipofungwa mafuta ziliendelea kuteleza mbele. Tena kuzishusha mlima mrefu mafuta yakiwa yamefungwa kulikuwa na hatari, kwa sababu oili ya kulainisha silinda ilipungua pamoja na petroli. Injini ya mipigo minne hulainishwa na pampu yake yenyewe, kwa hiyo unaweza kuiacha ikushushe mlima bila wasiwasi huo.

Chagua mteremko wa wastani wenye vumbi, ambao chini yake kuna mahali pa kusimamia. Simama juu ya vikanyagio, magoti yakiwa yamekunjwa kidogo na yakibana fremu, sukuma makalio nyuma, kisha teremka kwa gia ya pili huku umefunga mafuta na vidole vikiwa nje ya breki na klachi. Utahisi pikipiki ikijizuia na uzito ukihamia mikononi. Panda tena, urudie kwa gia ya tatu, nawe utaona kwamba inakimbia zaidi lakini gurudumu la nyuma linashika vizuri zaidi. Mara ya tatu ongeza breki ya nyuma kidogo kidogo mpaka tairi lianze kuburuta. Hapa ndipo wengi huzimikiwa: ukinzani wa injini ukijumlishwa na breki husimamisha gurudumu, gurudumu likisimama injini nayo inasimama, na pikipiki iliyozima katikati ya mteremko huwa nzito ghafla. Dawa yake ni kidole kimoja kwenye klachi, kiibonyeze mara tu tairi linapoanza kuburuta, pamoja na kukubali kwamba kwenye vumbi breki ya mbele ikitumiwa kwa upole ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi. Rudia mteremko huo mpaka kidole kitangulie mawazo.

Ukishaelewa hilo, upande wa kufungua mafuta hauna mambo mengi. Nguvu huanzia chini na kupanda taratibu, kwa hiyo tumia gia moja juu ya ile unayodhani inahitajika, na kwenye mchanga weka uzito nyuma na usifunge mafuta ghafla, kwani kufunga huzamisha gurudumu la mbele. Kwenye kona utahisi pikipiki inapenda kunyooka. Sogea mbele karibu na tangi, nyanyua kiwiko cha nje na kikanyagie kwa nguvu kikanyagio cha nje.

Ukirudi, kazi iliyo muhimu kuliko kuosha matope ni kichungio cha hewa. Vumbi la huku ni laini kama unga. Toa sifongo, kisha pitisha kitambaa cheupe kwenye shingo ya bomba la hewa upande wa injini. Kikitoka na doa la kahawia, vumbi limepita na huna budi kutafuta lilikopitia, mara nyingi kwenye ukingo ambako grisi haikupakwa vizuri. Osha sifongo kwa dawa yake na si kwa petroli, kwani petroli huyeyusha gundi yake, likauke, kisha ulipake oili ya kichungio lote. Katika injini za mashindano zenye valvu za titani, vumbi hula ngozi ngumu ya valvu, nafasi ndogo inayoachwa kati ya valvu na kinachoisukuma hupungua, na dalili ya kwanza ni pikipiki kuwa ngumu kuwaka asubuhi.

Kaza tena spoku, kwa kuwa gurudumu jipya hulegea mapema, na umwage oili ya kwanza kwa wakati uliotajwa kwenye kitabu, kwa sababu injini hizi hubeba lita 1 hivi tu na chembe za chuma za mwanzo zimo humo. Kama baada ya yote hayo bado unaona gia ya pili ni fupi mno na ya tatu ni ndefu mno kwa makorongo ya Kisongo, badilisha sproketi ya nyuma kwa yenye jino moja au mawili zaidi kabla ya kufikiria kuigusa injini.