Kuanza kazi ya uokaji nyumbani na kupata wenzako wa kuifanya nao

Wengi wanaoniuliza namna ya kuanza kazi ya uokaji huanza kwa kuuliza bei ya oveni. Huwa ninawajibu kwamba kifaa cha kwanza kununua ni mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu, na cha pili ni daftari. Tofauti kati ya mtu anayejua kuoka keki na mtu anayeishi kwa kuuza keki ni kwamba huyu wa pili anaweza kuitoa keki ileile Jumanne na Jumamosi, kwa jiko lake au kwa jiko la jirani, na anajua kila moja imemgharimu kiasi gani. Kikombe hakitoshi kwa kazi hiyo. Unga uliochotwa na kushindiliwa kikombeni unaweza kufika gramu 150 au zaidi, na unga huohuo ukichekechwa kwanza, kikombe hichohicho kikachukua gramu 120 tu. Ukioka keki nne kwa kikombe, umeoka keki nne tofauti.

Anza na keki moja ya kawaida, isiyo na mapambo, na uirudie hadi uizoee kabisa. Mimi nilianza na hii, na hadi leo ndiyo msingi wa oda zangu nyingi: siagi gramu 250, sukari gramu 250, unga wa ngano gramu 250, mayai matano, vijiko viwili vya chai vya beking pauda, vanila kidogo na maziwa ya kulainishia. Yai la ukubwa wa kawaida likivunjwa hutoa karibu gramu 50, hivyo mayai matano nayo ni robo kilo, na mchanganyiko wote unafika kilo moja na kidogo. Ukiiva utapungua takriban sehemu moja ya kumi kwa sababu maji hutoka kama mvuke. Jambo hili lina uzito wake katika biashara, kwa kuwa maneno "keki ya kilo moja" hayana maana moja kwa kila mtu: wapo wanaohesabu mchanganyiko, na wapo wanaohesabu keki iliyokwisha kupambwa na kuwekwa mezani. Mwambie mteja wako tangu mwanzo unahesabu kipi, na uandike hivyo kwenye stakabadhi.

Kwa sisi tunaooka Dar es Salaam, joto ni tatizo ambalo maelekezo mengi ya kutoka nchi za baridi hayalizungumzii. Maelekezo hayo husema siagi iachwe nje hadi ifikie joto la chumba, nayo yanakusudia chumba cha nyuzi 20. Jikoni kwetu mchana hufika nyuzi 30 na zaidi, na siagi ya maziwa huanza kuyeyuka ikikaribia nyuzi 32. Siagi iliyokwisha kulegea haiwezi kushika hewa unapoipiga na sukari, na ni hewa hiyo ndiyo inayoifanya keki iwe nyepesi. Itoe siagi kwenye friji ikiwa ngumu, ikate vipande vidogo, subiri dakika chache tu, kisha ibonyeze kwa kidole: ikiacha alama bila kidole kung'aa kwa mafuta, iko tayari. Piga siagi na sukari mpaka rangi igeuke kutoka manjano kuwa karibu nyeupe, halafu ongeza yai moja moja. Mayai yasiwe ya baridi kali, la sivyo mchanganyiko utakatika na kuonekana kama maziwa yaliyoganda vibaya. Likitokea hilo usitupe; weka kijiko kimoja cha ule unga uliokwisha kuupima, utarudi kushikana. Unga uliobaki usiupige kwa mashine. Uchanganye kwa mwiko, taratibu, na uache mara tu usipouona tena, kwa sababu unga wa ngano ukisumbuliwa sana hujenga nyuzi za gluteni zinazovutika kama mpira na keki hutoka ngumu kama mkate. Kisha usichelewe: beking pauda huanza kufanya kazi pale inapogusana na unyevu, na mchanganyiko unaokaa nusu saa ukisubiri jiko hupoteza nguvu yake ukiwa bado mezani.

Kuhusu jiko, mkaa usiudharau. Nimekula keki nzuri sana zilizookwa kwenye sufuria yenye mchanga chini na mkaa juu ya mfuniko, na kanuni yake ni kuweka makaa machache chini na mengi juu. Mafundi wa bati hutengeneza pia oveni za mkaa zenye rafu mbili, na kwa mtu ambaye umeme wa mtaani kwake hauaminiki, oveni ya namna hiyo ni akiba nzuri hata akiwa na ya umeme. Iwe ya umeme, ya gesi au ya mkaa, nunua kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni, kwa kuwa namba zilizochorwa kwenye kitufe mara nyingi si za kweli. Oveni yangu ya kwanza ilipoandika 180 ilikuwa na nyuzi 205, na kwa miezi mitatu nililaumu unga. Keki ya siagi inataka nyuzi 170 hadi 180 kwa dakika 45 hadi 55, na mlango usifunguliwe katika dakika 30 za kwanza. Umeme ukikatika katikati, uache mlango umefungwa vilevile, kwani oveni hubaki na joto kwa muda na mara nyingine keki humalizikia humo. Ukiifungua kutazama, itabonyea katikati na haitainuka tena. Keki imeiva pale kijiti kinapotoka kikavu na pande zinapoanza kuachana na chombo.

Sasa bei, mahali ambapo waokaji wazuri huanguka. Nitatumia mfano wa hesabu, nawe uweke bei za dukani kwako. Tuseme siagi ni shilingi 12,000 kwa kilo, sukari 2,800, unga 2,000, na trei ya mayai 30 ni 9,000. Keki yetu itakula siagi ya 3,000, sukari ya 700, unga wa 500, mayai ya 1,500, na tuweke 500 kwa beking pauda, vanila na maziwa. Jumla ni 6,200. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akiishia hapo, anauza 10,000, na anaamini amepata faida ya 3,800. Ongeza umeme: oveni ya wati 2,000, pamoja na muda wa kuipasha moto, inaweza kutumia uniti moja na nusu, tuiite 500. Ongeza boksi 1,500 na nauli ya kwenda kununua mahitaji 1,000. Gharama imefika 9,200, na kilichobaki kwa saa tatu za kusimama jikoni ni shilingi 800. Hesabu ya haki huweka pia malipo ya mikono yako. Ukijilipa 2,000 kwa saa, keki hiyo haiwezi kuuzwa chini ya 15,200 bila kukuumiza, na hapo bado hujaweka faida ya kukuza biashara wala hujagusa mapambo. Ipitie hesabu hii upya kila bei inapobadilika. Sehemu kubwa ya ngano tunayotumia Tanzania hutoka nje, na mwaka 2022, vita ya Urusi na Ukraine ilipoanza, unga ulipanda na waliobaki na bei ya zamani walikuwa wakiwalipia wateja sehemu ya keki zao.

Usipokee oda ya sherehe bila malipo ya awali, angalau nusu. Nilishawahi kuoka keki za sendofu kwa ahadi ya mdomo, ukumbi ukabadilishwa, tarehe ikabadilishwa, na keki zikabaki kwangu. Tangu hapo ninaandika ukubwa, ladha, rangi, saa ya kupokea, mahali, kiasi kilicholipwa na kiasi kilichobaki, na mteja anathibitisha kwa ujumbe. Uijue pia kalenda yako: harusi hupungua sana wakati wa Kwaresima na katika mwezi wa Ramadhani, lakini mwezi huohuo wa Ramadhani watu hutafuta mkate wa kumimina na vitafunwa vya kufuturu, na anayejua kuvitengeneza vizuri hapumziki. Desemba hujaa harusi na Krismasi kwa pamoja.

Mambo ya kiserikali yasikutishe. Namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, bila malipo, jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, leseni hutolewa na halmashauri, na anayeshika chakula cha watu anapaswa kupimwa afya. Ukitaka kupeleka bidhaa zilizofungashwa madukani utakutana na TBS, Shirika la Viwango, ambayo tangu mwaka 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula. Nenda kwanza SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambao huwatambulisha wajasiriamali wadogo huko na hutoa mafunzo ya usindikaji. VETA, wanaofundisha ufundi stadi, nao wana kozi fupi. Mifuko ya kubebea ya plastiki usiitumie kumkabidhi mteja keki, kwa kuwa mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Ukifika hapo utagundua kwamba kazi hii ina kikomo ukiwa peke yako. Oda ya harusi huja na keki kubwa ya maharusi pamoja na keki za wazazi wa pande zote mbili, zote za siku moja, na oveni ya nyumbani huingiza mbili au tatu tu kwa mkupuo. Hapo ndipo unapohitaji wenzako, na hapo ndipo daftari lako la gramu linapokulipa, kwa sababu kipimo cha kukisia hakiwezi kuhama kutoka mkono wako kwenda mkono wa mwenzako, lakini gramu 250 ni gramu 250 Mbagala na ni gramu 250 Tegeta.

Wenzako watafute mahali wanapojifunza na mahali wanaponunua. Waliokaa nawe darasani VETA au SIDO umewaona wakifanya kazi, unajua nani anasafisha meza yake na nani anaacha. Maduka ya vifaa vya keki Kariakoo nayo ni mahali pazuri, kwa kuwa mwokaji anayenunua karatasi za kuokea kwa pakiti kumi ana oda. Makundi ya WhatsApp yana watu wengi, ila picha nzuri haikuambii kama keki ilifika kwa wakati. Usitafute mtu anayefanana nawe. Mimi mkono wangu hautulii kwenye maua ya aisingi, na nilipoacha kung'ang'ana nikampata dada mmoja ambaye hapendi kuoka lakini anapamba kwa utulivu wa ajabu, kazi zetu zote mbili zikapanda. Mtu wa tatu wa lazima ni dereva. Keki ya ghorofa haipandi bodaboda. Tafuta dereva wa bajaji mmoja, mzoee, mfundishe kwamba boksi hukaa sakafuni pasipo na mteremko, si kwenye kiti wala mapajani, na umlipe vizuri ili asikatae saa kumi na mbili asubuhi.

Kabla ya kumwamini mtu mpya na oda ya sherehe, mpe kazi ndogo ya kulipwa. Mpe vipimo vyako vilivyoandikwa, mwombe aoke keki moja kwa jiko lake, nawe uoke yako siku hiyohiyo. Zikateni zote mbili katikati na kuziweka bega kwa bega. Tazameni kimo, rangi ya ukoko, na ukubwa wa vitundu vya ndani. Vitundu virefu vinavyopanda juu kama mashimo ya mchwa vinaonyesha kwamba unga ulichanganywa kupita kiasi. Zipimeni kwa mizani. Tofauti ikiwa ndogo, mnaweza kuoka ngazi za keki moja katika nyumba mbili na mteja asijue.

Makubaliano yaandikwe, hata kati ya ndugu. Andikeni nani ananunua mahitaji, nani anashika malipo ya awali, kila mmoja anapata kiasi gani kwa keki, na nani anabeba hasara keki ikiharibika njiani. Andikeni pia kwamba mteja ni wa yule aliyempokea: aliyepamba tu hamfuati mteja huyo pembeni na kumpa bei ya chini. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa jambo hilo moja. Mkishafanya kazi pamoja kwa muda, mnaweza kujisajili kama kikundi, na hapo mtaweza kuomba mkopo wa halmashauri unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Maofisa wa maendeleo ya jamii wa kata watawaeleza masharti yake, nanyi nendeni na lile daftari, likiwa na oda, gharama na malipo ya miezi sita iliyopita, kila ukurasa ukiwa na tarehe.