Usitupe boksi la sanamu yako

Ukinunua sanamu ya toleo maalumu ya shujaa wa filamu au katuni, tunza boksi. Si lile lenye picha tu, hata la kaki la nje, pamoja na povu gumu la ndani lililochongwa kufuata umbo la sanamu. Sanamu nyingi kubwa ni za polistoni, yaani rezini iliyochanganywa na unga wa mawe: nzito kweli, ila kidole au ncha ya upanga hukatika kirahisi. Bila povu hilo, siku ukitaka kuiuza, mnunuzi wa mbali anajua atapokea vipande, basi atakukata bei au atapotea kimya kimya.

Halafu tazama namba chini ya kitako, tuseme 212/500, yaani yako ni ya 212 kati ya 500 zilizotengenezwa. Wengine huhangaikia hiyo 212. Mimi naangalia 500. Na hata zikiwa chache, kampuni ikimtoa mhusika yuleyule kwa sura iliyofanana naye zaidi, yako huweza kushuka thamani.

Ukitaka kujua thamani, achana na bei wanazoomba wauzaji. Kwenye eBay, soko la mtandaoni, chuja uone zilizokwisha kuuzwa, ndiyo bei yenyewe. Jua la dirishani nalo hupausha rangi, iondoe sanamu hapo.