Kufunga Power Commander V kwenye Yamaha FJR1300

Pikipiki ya FJR1300 ya 2006 hadi 2012 hutoka kiwandani ikila mafuta machache kuliko injini yake inavyotaka. Sheria za moshi ndizo zinazodai hivyo. Ukiwa kwenye mwendo wa kawaida, sensa ya oksijeni iliyo kwenye egzosi huibana ECU (kompyuta ya injini) ibaki karibu na gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Dereva anaisikia hali hiyo mkononi: kwenye foleni, ukifungua mafuta kidogo tu, pikipiki inashtuka badala ya kuondoka laini. Ukibadilisha egzosi au airklina, upungufu unazidi.

Power Commander V ni moduli, yaani kisanduku cha umeme, inayokaa kati ya ECU na injekta nne zinazopulizia petroli. Haigusi programu ya ECU. Inapokea mapigo ya umeme yanayofungua injekta, kisha inayarefusha au kuyafupisha kwa asilimia uliyoandika, kuanzia −100 hadi +250. Ukiichomoa, pikipiki inarudi ilivyokuwa. Nunua moduli ya mwaka wa pikipiki yako hasa, maana FJR za kuanzia 2013 zina milango ya hewa inayofunguliwa kwa umeme na nyaya zake ni nyingine.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha injini ni nzima. Uwazi wa vali hupimwa kila kilomita 42,000, na milango ya hewa ya silinda zote nne lazima ivute sawasawa. Mpira wa vakyumu uliopasuka hauponi kwa kuongezewa petroli. Moduli itauficha kwa wiki mbili, halafu utarudi palepale ukiwa na plagi nyeusi juu yake.

Fanya kazi injini ikiwa imepoa na tangi likiwa chini ya nusu, kwa sababu linabeba lita 25 na uzito wake likiwa limejaa si wa mtu mmoja. Toa kiti, legeza bolti za tangi, liinue upande wa mbele na ulishikize kwa kipande cha mbao. Huku betri bado imeunganishwa na swichi imewashwa, tafuta sensa ya mkao wa mlango wa hewa na upime nyaya zake tatu kwa multimita. Mmoja una volti 5, mwingine uko kwenye sifuri, na wa tatu unapanda taratibu unaponyonga mafuta. Huo wa tatu ndio unaoutaka. Utie alama ya utepe. Sasa zima swichi na ufungue ncha hasi ya betri.

Injekta zishughulikie moja moja. Bonyeza ulimi wa soketi kwa dole gumba, vuta soketi yenyewe na si nyaya, maana plastiki iliyopikwa na joto la injini kwa miaka mingi huvunjika kama biskuti. Chomeka soketi mbili za moduli, moja kwenye injekta na nyingine kwenye waya wa pikipiki, mpaka usikie mlio wa kufunga, ndipo uende ya pili. Silinda ya 1 iko kushoto kwako ukiwa umekaa kitini. Rangi za moduli hufuatana hivi: chungwa, njano, kijani, buluu. Ukichanganya mbili, injini bado itawaka, ndiyo maana kosa hili hukaa muda mrefu bila kugunduliwa. Mafuta yanaingia nje ya zamu yake na pikipiki inatetemeka ikiwa na mizunguko michache.

Waya wa kijivu wa moduli unaungwa kwenye ule uliotia alama. Waya mweusi unakwenda kwenye ncha hasi ya betri, na hapo sikubaliani na njia ya mkato. Bolti ya fremu iliyopakwa rangi si athi (njia ya umeme kurudi kwenye ncha hasi). FJR za 2006 hadi 2009 ziliwahi kurudishwa kwa mawakala kwa sababu ya kiungio cha athi kilichokuwa kikiungua, kwa hiyo kama yako ni ya miaka hiyo, hakikisha imekwisha kutengenezwa.

Chomoa sensa ya oksijeni na uweke kizibo cha umeme kilichokuja kwenye boksi. Ukiiacha, ECU itaendelea kupunguza kile unachoongeza kila unapotulia kwenye mwendo, na utadhani moduli ni mbovu.

Weka moduli chini ya kiti, funga nyaya kwa vibana vya plastiki mbali na injini, kisha shusha tangi polepole huku ukichungulia pembeni. Zungusha usukani kulia na kushoto mpaka mwisho, kisha rudisha ncha hasi ya betri. Waya uliobanwa na tangi ndio unaozaa ile hitilafu ya kuja na kupotea ambayo fundi anaitafuta siku tatu.

Moduli hupata umeme kupitia waya wa USB wa kompyuta, kwa hiyo ramani (jedwali la asilimia za mafuta) unaweza kuipakia hata injini ikiwa imezimwa. Chagua ramani inayolingana na mwaka, egzosi na airklina yako. Ya egzosi nyingine ni kubahatisha. Kisha pima mkao wa mafuta ndani ya programu: ukiwa umefunga, usomaji uwe chini ya volti 1, na ukinyonga mpaka mwisho upite 3. Ukiruka hatua hii, moduli itasoma safu isiyo yake na kukupa mafuta ya mwendo kasi ukiwa kwenye foleni.

Ukizunguka nayo, badilisha asilimia 2 au 3 kwa mara moja, na eneo moja tu la jedwali. Ikishtuka unapofungua mafuta, ongeza kwenye safu za mkao wa mafuta za asilimia 2, 5 na 10. Ikinuka petroli na kutoa moshi mweusi, punguza. Kwenye dainamomita, mashine ya kupima nguvu ya injini, lenga takriban gramu 13.2 za hewa kwa gramu 1 ya petroli ukiwa umefungua mafuta yote. Anayepanda kutoka Mombasa hadi Nairobi hahitaji ramani ya pili kwa sababu ya mwinuko: FJR ina sensa ya shinikizo la anga, na ECU inajipunguzia mafuta yenyewe kabla moduli haijaongeza asilimia yake.